Kwa nini kamba ya kuvutia glaida huundwa ili ikatike

Kuna video imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ndege ndogo inakimbia uwanjani, nyuma yake kamba ndefu, na mwishoni mwa kamba kuna ndege nyingine nyeupe, mabawa marefu, haina propela. Zinapanda pamoja, kisha kamba inaachia na video inaishia hapo hapo. Maoni yakamiminika. Huyu anasema wote wamekufa, yule anasema ni wazimu kupanda ndege inayovutwa kama gari bovu, mwingine anaapa kwamba glaida ikiachwa na kamba hudondoka kama jiwe. Fundi mmoja wa magari akauliza tu: "Kwani hawana waya wa chuma?" Hilo ndilo swali la kujibu, kwa sababu ukielewa kwa nini hawatumii waya wa chuma, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Glaida ni ndege isiyo na injini. (Zipo zenye injini ndogo ya akiba, tuziache kando.) Ina mabawa marefu membamba, kiti kimoja au viwili, na gurudumu chini ya tumbo. Haidondoki. Inateremka polepole huku ikisonga mbele. ASK 21 ya Ujerumani, ambayo klabu nyingi duniani huitumia kufundishia, husonga mbele kama mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka, hewa ikiwa tulivu. Rubani akikuta hewa ya moto inayopanda, anaizunguka na kupanda nayo bila tone la mafuta. Kalooli, wale korongo wakubwa wanaoshinda kwenye majalala ya Kampala, hufanya hivyo hivyo kila siku jua likishapasha mabati, na wao hawalipi ada ya klabu.

Kazi ni kuifikisha glaida huko juu. Baadhi ya viwanja hutumia winchi iliyofungwa ardhini. Njia ya pili, ambayo Wajerumani waliionyesha hadharani mwaka 1927, ni kuifunga glaida kwenye ndege yenye injini na kupanda nayo. Ndege ya kuvuta mara nyingi ni ile iliyobuniwa kwa kazi ngumu ya kupanda polepole na mzigo, kama Piper Pawnee iliyoanza maisha yake ikinyunyiza dawa mashambani. Kamba kati yao huwa na urefu wa kama mita 50 hadi 60. Kila ncha ina pete za chuma zinazoingia kwenye ndoano, na kila rubani ana mpini wa kufungua ndoano ya upande wake. Mpini wa glaida ni wa manjano, popote uendako. Wote wawili, kwa hiyo, wanaweza kuachana wakati wowote, kila mmoja kwa uamuzi wake. Uganda mchezo huu haujazoeleka, ingawa tuna shule ya urubani Soroti tangu mwaka 1971 na ndege ndogo za kutosha pale Kajjansi. Wenzetu wa Kenya wamekuwa na klabu yao Mweiga, karibu na Nyeri.

Sasa turudi kwa fundi. Taksi ikiharibika barabara ya Masaka, lori likaifunga kamba kuipeleka gereji, kila mtu anataka kamba isiyokatika. Ikikatika, taksi inasimama, konda anagombana na abiria, basi. Kamba nene ni bora kuliko nyembamba na mnyororo ni bora kuliko kamba. Akili hiyo ni sahihi kabisa, kwa barabara. Inaharibika angani kwa sababu moja: taksi iliyo nyuma haiwezi kulinyanyua lori matairi ya nyuma na kulisimamisha kwa pua. Glaida inaweza kuifanyia hivyo ndege inayoivuta. Kwa hiyo kila rubani anahitaji uhakika kwamba mambo yakiharibika, yule mwingine hataondoka naye.

Ndiyo maana kamba ya glaida haitafutiwi ugumu wa mwisho. Inatafutiwa ugumu ulio kati ya mipaka miwili. Kanuni za anga za Marekani, kifungu cha 91.309, zimeiweka wazi: kamba isikatike kwa nguvu iliyo chini ya asilimia 80 ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa glaida, wala isivumilie zaidi ya mara mbili ya uzito huo. Chukua ASK 21, ambayo uzito wake wa juu ni kilo 600. Kamba yake inatakiwa ikatike mahali fulani kati ya kilo 480 na kilo 1,200. Chini ya hapo itakatika ovyo kila kukiwa na upepo wa kurusharusha. Juu ya hapo, kabla kamba haijakatika, kitakachong'oka kinaweza kuwa ndoano, au kitu kingine ambacho ndege inakihitaji ili ibaki ndege.

Na kama kamba uliyo nayo ni ngumu kuliko hapo? Hutupi kamba. Unaweka kiungo dhaifu, yaani kipande kifupi kilichopimwa kikatike kabla ya kamba yenyewe. Ulaya vinatumika sana vile vya kampuni ya Tost ya Ujerumani: kibamba kidogo cha chuma chenye matundu, kimekaa ndani ya kifuko cha chuma, na rangi yake inakwambia kinakatika kwa nguvu gani. Cha kijani ni kama kilo 300, cha bluu 600, chekundu 750, cheusi 1,000. Kitabu cha kila glaida kinasema rangi ipi inaruhusiwa, na kazi ya kuhakikisha ni ya rubani anayeketi ndani, hata kama kuna vijana kumi uwanjani wanaomwambia "iko sawa". Kibamba kilichopinda au kuanza kupasuka hubadilishwa, hakinyooshwi kwa nyundo.

Kanuni hiyo hiyo ya Marekani ina jambo jingine ambalo watu hulipita haraka. Kamba ikiwa ngumu mno, viungo dhaifu huwa viwili, kimoja upande wa glaida na kimoja upande wa ndege ya kuvuta, na cha upande wa ndege kinatakiwa kuwa kigumu zaidi kidogo, kisichozidi robo juu ya mwenzake. Kwa nini visilingane? Kwa sababu tunataka pa kukatikia pawe upande wa glaida, ili kamba ibaki na ndege yenye injini. Ikikatikia upande wa pili, glaida inabaki na mita 60 za kamba zinazoning'inia puani, na inatakiwa kwenda kutua juu ya ua, miti na nyaya za umeme. Rubani aliyepatwa na hilo hufungua ndoano yake akiwa juu ya mahali pasipo na watu. Akishindwa kuitoa, anakuja uwanjani akiwa juu kuliko kawaida ili kamba ipite juu ya vizuizi.

Utaniuliza, kamba inabeba mzigo kiasi gani hasa? Kidogo kuliko unavyofikiri. ASK 21 yenye watu wawili ikivutwa kwa kasi ya kilomita 115 kwa saa, huku ikipanda mita mbili na nusu kwa sekunde, sehemu ya uzito inayobebwa na kamba kwa ajili ya kupanda ni kama kilo 47. Ongeza kama kilo 20 za upinzani wa hewa. Jumla haifiki kilo 70, uzito wa mtu mzima mmoja. Wakati wa kuondoka uwanjani inakuwa zaidi, maana kuna kuongeza kasi, lakini bado iko mbali na kilo 480. Kamba ikikatika, basi, haikushindwa na uzito wa glaida. Kuna kitu kingine kilichotokea.

Mara nyingi ni kulegea. Ndege ya mbele ikiingia kwenye hewa inayoshuka au glaida ikikata kona kwa ndani, kamba inalegea na kufanya upinde. Kisha inakazika ghafla, na mshtuko huo ni mara nyingi ya zile kilo 70. Rubani mwenye mafunzo haivuti glaida nyuma kwa pupa. Anaipindisha pua pembeni kidogo kwa usukani wa mkiani ili upinzani uongezeke, anangoja upinde upungue, na kabla kamba haijanyooka kabisa anairudisha pua ili kasi za ndege mbili zilingane inapokazika. Upinde ukiwa mkubwa hadi kamba inatishia kuzunguka bawa, anaachia. Hakuna cha kuokoa hapo.

Sababu nyingine ni uchakavu, na hapa ndipo viwanja vyetu vingekuwa na kesi ya kujibu. Kamba nyingi za kazi hii ni za nailoni, poliesta au polipropilini. Jua huzila, hasa polipropilini, na jua la ikweta halina likizo. Ardhi nyekundu ya changarawe huzisaga kila zinapoburutwa. Ukaguzi wake hauna teknolojia yoyote: mtu anaipitisha kamba yote mikononi kabla ya siku kuanza, mita kwa mita, akitafuta nyuzi zilizochanika, manyoya, sehemu iliyokakamaa kwa kuungua na msuguano, na fundo.

Fundo ndilo adui mkimya. Kamba ikiburutwa hujifunga yenyewe, na fundo moja la kawaida linaweza kupunguza nguvu ya kamba hadi nusu. Kamba iliyonunuliwa ikiwa ya kilo 900, ikiwa na fundo, inaweza kukatika kwa kilo 450, yaani chini ya ule mpaka wa 480, na hapo hatujahesabu jua na changarawe. Tena fundo linachomoza, kwa hiyo ndilo linaloburuzika kwanza. Kamba iliyokatika haiungwi kwa kufunga fundo. Huungwa kwa kuziingiza ncha ndani ya msuko wa kamba yenyewe, kazi inayotaka mtu anayeijua, au hustaafishwa. Na pete za ncha zina umbo na ukubwa wake maalumu unaoendana na ndoano. Kuweka pete ya kununua dukani kwa sababu "inafanana" ni kuomba ndoano ikwame siku utakapotaka ifunguke.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba hatari kubwa ni kamba kukatika. Mimi sioni hivyo. Kamba iliyokatika imefanya kazi iliyoajiriwa, na rubani wa glaida ana mpango. Kinachotisha zaidi ni kamba isiyokatika.

Fikiria ndege ndogo, glaida nyuma yake, ziko mita 100 juu ya ardhi. Kwanza fahamu kwamba glaida huondoka ardhini kabla ya ndege inayoivuta, kwa kuwa mabawa yake yanahitaji kasi ndogo. Kwa sekunde kadhaa inaelea mita moja au mbili juu ya uwanja huku mwenzake bado anakimbia kwa magurudumu. Rubani wa glaida anatakiwa abaki chini pale pale. Akipanda, au baadaye huko angani akiangalia pembeni kidogo tu na glaida ikajiinua, kamba inaanza kuuvuta mkia wa ndege ya mbele kuelekea juu. Mkia ukienda juu, pua inaelekea ardhini. Rubani wa ndege ya kuvuta anavuta usukani hadi mwisho na mkia haushuki, kwa sababu glaida ina nguvu kuliko mkia wake. Hatua ya mwisho ndiyo mbaya zaidi: kadiri glaida inavyopanda juu ya mwenzake ndivyo inavyozidi kurushwa juu, na yote hayo huchukua sekunde chache. Ukiwa mita 500 juu utatoka na hadithi. Ukiwa mita 100 hakuna nafasi ya kunyoosha ndege.

Na kile kiungo dhaifu? Hapa ndipo wengi hukosea. Nguvu inayotosha kuunyanyua mkia ni ndogo kuliko ile inayokata kiungo. Kiungo kinaweza kubaki kizima kabisa huku ndege ya mbele ikielekea chini. Isitoshe, aina fulani za ndoano za zamani zikivutwa kwa nguvu kuelekea juu hugoma kufunguka, na kwa hiyo rubani wa mbele anavuta mpini wake bila matokeo. Hatari inaongezeka kamba ikiwa fupi, glaida ikiwa nyepesi, ndoano yake ikiwa chini ya tumbo badala ya puani, na rubani akiwa mgeni wa kazi. Kila moja ya hayo inaweza kurekebishwa kabla ya kuruka, na kamba ya mita 60 ni bima rahisi kuliko yote. Kwa yaliyobaki kuna amri moja isiyo na majadiliano: rubani wa glaida akiipoteza ndege ya mbele machoni pake, hata kwa sekunde moja, anavuta mpini wa manjano.

Tuje kwenye kukatika kwenyewe, lile jambo la kwenye video. Kitu cha kwanza anachofanya rubani ni kushusha pua. Glaida ilikuwa inapanda kwa nguvu ya mwingine, na nguvu hiyo ikiondoka pua ikabaki juu, kasi inakwisha haraka. Akishapata kasi ya kuteleza ndipo anachagua pa kutua, na akipata nafasi anavuta mpini mara mbili kutoa kipande cha kamba kilichobaki. Chaguo lenyewe linategemea kimo, na liliamuliwa kabla hajaondoka. Marekani wanafunzi hufundishwa futi 200, kama mita 60. Chini ya hapo unatua mbele yako, au pembeni kidogo, kwenye uwanja uliobaki au shamba lililo wazi. Juu ya hapo unaweza kufikiria kugeuka kurudi. Wengi hutamka kimo hicho kwa sauti wakikipita, ili akili isije ikaanza kubishana na mikono. Mwalimu naye ana tabia ya kuvuta mpini wa manjano bila taarifa, katikati ya mazungumzo, aone mwanafunzi anafanya nini. Ukimwona glaida ameachana na kamba kwenye video, inawezekana kabisa hakuna kilichokatika. Ni somo.

Ajali hutokea pale mtu anapogeuka akiwa chini mno. Uwanja uko nyuma, unajulikana, una lami au nyasi zilizokatwa, na mbele kuna shamba la mihogo. Anakunja kona kali kwa kasi ndogo, bawa la ndani linaishiwa nguvu, glaida inajizungusha na kwenda chini. Aliyetua kwenye mihogo ana ndege iliyochubuka na mwenye shamba wa kumlipa.

Na ule mpaka wa mita 60 haukupimwa Uganda. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 27, wepesi wake unalingana na hewa ya karibu mita 1,850. Injini ya kawaida inapoteza nguvu, kukimbia uwanjani kunarefuka, kupanda kunapungua. Unafika mwisho wa uwanja ukiwa chini kuliko mwenzako wa kando ya bahari, na ukitua, kasi yako juu ya ardhi inazidi ya kwake kwa karibu asilimia 10 ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha namba ile ile. Mtu atakayeanzisha mchezo huu hapa kwetu asinakili namba za kitabu. Apande na mwalimu asubuhi, apande naye tena mchana, aweke mpaka wake mwenyewe.

Kuhusu ishara nitasema fupi, ingawa zimesababisha misiba. Ndege ya mbele ikitikisa mabawa huku na huku, maana yake ni achia sasa hivi, nina shida. Ikitikisa mkia kushoto na kulia, maana yake ni kagua glaida yako, mara nyingi kwa sababu breki zako za hewa, vile vibao vinavyochomoza kwenye mabawa ili glaida ishuke haraka, zimefunguka na mimi nashindwa kukupandisha. Ya kwanza ikichukuliwa kuwa ya pili, rubani wa mbele anazama na mzigo. Ya pili ikichukuliwa kuwa ya kwanza, rubani wa glaida anaachia akiwa chini, breki ziko wazi, na glaida iliyofungua breki haina zile mita 34 nilizosema. Glaida iliyoshindwa kuachia husogea upande wa kushoto ambako rubani wa mbele anaweza kuiona, kisha hutikisa mabawa, na hapo yule wa mbele hufungua upande wake.

Wamebaki watu wa chini, ambao kwenye video hawaonekani kabisa. Ndege ya kuvuta ikishaiacha glaida hurudi kutua, mara nyingi ikiwa bado inaburuta kamba, ambayo huning'inia chini na nyuma yake ikiwa na pete za chuma nchani. Rubani anaona magurudumu yake yamevuka barabara kwa usalama. Pete bado hazijavuka. Viwanja vyetu vidogo vina vijia vya watu na ng'ombe wanaokatiza, na boda boda hawakosi mwishoni mwa njia ya kurukia. Ndiyo sababu klabu makini huiangusha kamba mahali maalumu kabla ya kutua, au hufunga winchi ndogo ndani ya ndege ya kuikunja, au huweka mtu mwenye kibendera mwisho wa uwanja. Ukiona kamba iko chini, usiikanyage na usiiruke. Inaweza kukazwa muda wowote. Na ukiikuta imeangukia shambani kwako, pete zikiwa bado nchani, waite wenyewe waje kuichukua. Usiifungie ng'ombe hata siku moja kabla hawajafika, kwa sababu kamba iliyolala kwenye kwato na umande itarudi kiwanjani ikiwa na jeraha ambalo hakuna aliyeliandika, na ukiwaeleza ilikuwa wapi watajua la kufanya nayo.